Salsa ni dola 20. Na zile zingine?

Huu ukurasa umezoea mambo ya kazi, ya masomo na ya wale wanaotafuta staji. Leo naleta kitu kinachoonekana kidogo: dansi. Hapa Lubumbashi naona watu wa umri wetu wanaingia mu salsa kila mwezi. Wa benki, wa mashirika, wa makampuni ya migodi, na sisi wengine tuliotoka ku Unilu na mikataba yetu ya miezi sita sita. Mimi pia niliingia, mwezi wa tatu. Na kila mtu anaingia na neno moja mu masikio: "Ni dola 20 tu ku mwezi."

Ile "tu" njo nataka tuizungumze. Juu mimi mwenyewe nilishaisema kwa watu watatu, na wawili kati yao hawanisalimii tena vizuri.

Niseme wazi mapema, ili mtu asinijibu pembeni: sina ugomvi na salsa yenyewe. Ni dansi yenye akili. Unahesabu mpaka nane: unakanyaga moja, mbili, tatu, unangoja ku ine, unakanyaga tano, sita, saba, unangoja ku nane. Mtu aliyeshinda mchana wote mu jua anapima matuta ya kabichi ya watu, akifika pale saa 18, kichwa kinapumzika juu hakuna nafasi ya kufikiri kitu kingine. Ukifikiri, unakanyaga mguu wa mwenzako. Tangu siku nilitetea kazi yangu ya mwisho mbele ya majaji, ile ilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu aliniuliza "na kazi, umepata?" Kitu kama kile kinastahili falanga. Sibishani hapo.

Nabishana ku hesabu. Sisi wa agronomia tulifundishwa kuandika kila kitu mu kadaftari: mbegu, mbolea, siku za kupalilia, hata nauli ya gunia kutoka shambani. Nikaendelea na ile tabia bila kufikiri sana, nikawa naandika dansi vile ninaandika shamba. Mwezi wa saba ulipoisha nilijumlisha, nikajumlisha tena, juu nilifikiri nimekosea.

Kozi: dola 20 mara miezi mitano, dola 100. Kuandikishwa: 10. Tisheti ya kikundi, ambayo haikuwa lazima lakini ukiwa peke yako bila hiyo ku picha unaonekana sawa mtu aliyepita njia: 10. Viatu: 35. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili ku wiki, basi wakati wa kwenda na kipande cha moto wakati wa kurudi: karibu 60. Mwalimu mgeni aliyekuja kufundisha wikendi moja: 40. Michango ya keki na zawadi, juu mu kikundi cha watu thelathini kila mara kuko mtu anazaliwa: 25. Kisha sware za Ijumaa. Mbili ku mwezi, sikwenda zaidi. Kuingia dola 10 na kinywaji kimoja ndani yake, kinywaji cha pili dola 5 juu huwezi kukaa na chupa tupu tangu saa 20 mpaka usiku wa manane, na taksi ya kurudia, tukigawana, dola 5. Ishirini kwa usiku mmoja. Mara kumi: 200.

Yote ni dola 480. Kozi, ile tuliyoambiwa ni bei ya salsa, ni 100. Ni kama moja ya tano. Mshahara wangu ule wakati ulikuwa 300 ku mwezi, kwa hiyo dansi ilikula karibu theluthi yake, na mimi ninaishi ku paseli ya wazazi, silipi nyumba. Kwa wale wa fakulte yetu: ile 480, kwa bei ambazo mimi mwenyewe nililipa msimu uliopita, ni kilo 25 za mbegu ya mahindi, NPK, ire na watu wa kulima, hektari moja nzima. Na hektari inarudisha kitu, hata mvua ikichelewa.

Sasa angalieni ile 200, juu hapo njo kuna mambo. Kwa nini kikundi cha dansi kinafanyia sware mu bar? Jibu tulilopewa ni: sale ni ya bure. Na ni kweli, mwenye bar haombi falanga ya sale. Anaomba watu. Lakini watu wanaocheza salsa hawanywi vizuri, muulize mwenye bar yeyote. Wanatoka jasho, wanaomba maji. Mtu aliyekaa ku meza na marafiki anaweza kumaliza Simba tatu bila kujua. Mtu anayehesabu mpaka nane hawezi, ku chupa ya pili anapoteza hesabu. Kwa hiyo mwenye bar anaweka tiketi yenye kinywaji ndani, na seva anapita kila nusu saa kuuliza "mnaongeza nini?" Sale haikuwa ya bure hata siku moja. Tulikuwa tunailipa sisi, kwa chupa, bila mtu kutuambia.

Msinielewe kama mtu anayelia juu ya zamani. Babu yangu alikuwa anacheza bolero na cha-cha mu bar za Kamalondo, na zile bar pia zilikuwa zinaishi kwa bia. Lakini yeye alijifunza kucheza bure, ku paseli, ku sementi, kwa dada zake, kisha njo akaenda ku bar akiwa anajua. Sisi tunalipa bar ili tujifunze.

Na kwa sababu nimetaja cha-cha: kuko kijana mmoja mu kikundi alisema siku moja, akijifuta jasho, kwamba salsa haiwezi kuwa ya kila mtu, ni dansi ya watu wa standingi. Nilikaa kimya siku ile, na ninajuta. Tangu 1933 sahani za GV zenye muziki wa Cuba zilikuwa zinakuja Afrika, na wazee wa huku walizisikiliza mpaka wakatoa rumba yao wenyewe. African Jazz ya Kabasele iliimba cha-cha ya uhuru ku Brussels mu 1960, wakati wanasiasa wetu walikuwa ku Meza ya Mviringo. Mu Septemba 1974, Fania All-Stars, pamoja na Celia Cruz na Johnny Pacheco, walipanda jukwaa Kinshasa, wakati ngumi ya Ali na Foreman imesogezwa mpaka mwisho wa Oktoba. Rumba yenyewe UNESCO iliiandika mu Desemba 2021, kwa maombi ya Kongo zote mbili. Na wale watu wa Cuba walikuwa na damu ya huku tangu biashara ya watumwa. Kwa hiyo ile hesabu ya salsa si mgeni anayepiga hodi. Ni mtoto wa nyumba aliyesafiri, na sasa mtu anasimama ku mlango anauza tiketi ya kumsalimia.

Turudi ku viatu, juu viatu viliniumiza zaidi ya miguu. Mu wiki ya tatu tuliambiwa kila mtu anunue viatu vya dansi, vile vyenye soli ya ngozi laini yenye manyoya mafupi. Sababu ni ya kweli: soli ya mpira inashika chini, na ukitaka kuzunguka, mguu unabaki na goti linaenda. Ile soli laini inateleza kwa kipimo. Lakini ilitengenezwa kwa sakafu ya mbao. Sale yetu ya mafunzo iko na sementi, tena sementi ya zamani, imekwaruzika. Ile ngozi ilinyolewa mu miezi miwili. Nilikuwa nimelipa dola 35 ili nisugue sementi ya mtu. Mwenzangu mmoja alichukua viatu vyake vya kawaida, soli yake tayari imelainika kwa kuvaliwa, akamaliza miezi mitano bila shida. Kumwambia mwanafunzi anunue kifaa bila kuangalia anakanyaga wapi ni sawa kumwambia mkulima wa Katuba anunue mbegu iliyotengenezewa udongo wa kwingine. Kwetu tulikuwa tunakatiwa pointi kwa kosa kama hilo.

Lakini mimi ni mwanaume, na hesabu yangu ni nyepesi. Mu hesabu za mashamba ya familia kuko kosa moja maarufu: mkulima anakuambia shamba limemgharimu mbegu na mbolea, na anaishia pale. Kazi ya mke na watoto, kupalilia mara mbili, kufukuza ndege, kubeba, haiko mu kadaftari, juu hakuna mtu alilipwa. Mu salsa ile kazi isiyoandikwa iko ku upande wa wadada.

Tulikuwa na dada mmoja muuguzi. Alianza wiki moja na mimi, na kusema ukweli alinipita upesi. Sikio lake lilikuwa sawa saa. Siku moja mbele ya watu wote aliambiwa, kwa kucheka, "Wewe unacheza bien, lakini hivi biatu ni bya kwenda nabyo ku misa." Watu wakacheka, yeye pia. Wiki mbili baadaye hakuja tena. Mu kikundi wakasema alikosa motivasyo. Mimi pia nilirudia lile neno, motivasyo, mbele ya mtu mwingine, na kwa mdomo huu huu.

Nilimkuta mwezi wa nane ku foleni ya basi. Nikamuuliza, "Yaya, mbona ulituacha?" Akaniangalia kama anapima kama nastahili jibu. Kisha akasema, "Injenia, bamama ni bure mpaka saa 21, si njo bilikuwa banasema? Sasa sikiliza ile bure." Na akahesabu ku vidole. Kusuka nywele, juu huwezi kuja na kichwa cha zamu ya usiku. Nguo, tena si moja, juu wanapiga picha kila Ijumaa. Mtoto wa jirani anayebaki na mtoto wake. Na kurudi: sisi wanaume tulikuwa tunagawana taksi watu wane au tunapanda moto, yeye saa 23 hapandi moto ya mtu asiyemjua, na taksi yetu haikuwa inapita kwao, kwa hiyo anakodi peke yake. Kila Ijumaa ya "bure" ilikuwa inamtoa dola nyingi kuliko mimi niliyelipa ku mlango.

Kisha akaongeza kitu sikukiandika mu kadaftari, juu hakina namba. Ile bure, alisema, iko na mwenyewe. Mwanamke anaingia bila kulipa ili mwanaume anayelipa awe na mtu wa kucheza naye. Ukikataa kinywaji chake unajivuna. Ukikubali, nyimbo tatu zinazofuata si zako. "Mi nilikuya kucheza," alisema. Basi ikafika, akapanda.

Nilienda kwa mwalimu. Sikwenda kugombana, na ni lazima niseme alinipokea vizuri, akanipa kiti na sukre. Nikamwonyesha kadaftari. Alisoma yote, polepole, kisha akasema, "Bon. Sasa angalia yangu." Mu mwezi ule alikuwa na wanafunzi 18 ku orodha. Waliolipa ni 11, dola 220. Wengine walikuwa "wiki ijayo, Metre". Mu ile 220, nusu inaenda kwa mwenye sale ya mafunzo. Umeme ukikatika, na unakatika, anatia mafuta mu jenereta kwa mfuko wake, ao anafundisha kwa kupiga makofi. Spika ni yake, na bado anailipa. Nilifanya hesabu palepale: mtu huyu anafundisha jioni nane ku mwezi na anabaki na falanga chini ya mfanyakazi wa bustani. Kinachomwokoa ni Ijumaa. Mwenye bar anampa kitu kidogo kwa kila tiketi.

"Nikitoka mu bar," akaniambia, "nani atanilipia sale? Wewe?"

Swali lile lilinishinda ule usiku. Halikunishinda kesho yake. Juu jibu ni ndiyo: mimi. Bei ya dola 20 ni ya uongo, na ni uongo wa pande mbili. Mwalimu anaitaja juu anaogopa akisema bei ya kweli watu watakimbia. Sisi tunaikubali juu inatufurahisha. Kisha ile iliyobaki inatolewa ku chupa, ku taksi, ku viatu, na inatolewa zaidi kwa yule ambaye hana wa kugawana naye. Mwalimu akisema 35 ku mwezi, jioni mbili ku wiki, na Jumamosi moja moja ya kucheza saa 15 ku uwanja wa shule ao ku paseli yenye sementi, na kila mtu anakuja na maji yake, mimi nalipa 175 kwa miezi mitano, 10 ya kuandikishwa na nauli ya mchana kama 40. Ni 225. Ni chini ya nusu ya ile nililipa, na mwalimu anabaki na nyingi kuliko leo. Anayepoteza ni mwenye bar, na yeye atapata wengine.

Mwalimu alisema 35 itafukuza watu. Inawezekana. Lakini angalau itawafukuza ku mlango, mbele ya macho, wakiwa bado na falanga yao mfukoni. Leo inawafukuza mwezi wa tatu, kimya kimya, wakiwa na deni, na sisi tunabaki kusema motivasyo.

Najua jibu la ndugu wengine hapa: "Nani alikulazimisha? Ulikuwa mtu mzima, ungelipa kozi tu na Ijumaa ukalale." Ni jibu zuri, na nilijaribu kulifuata mwezi wa tano. Sikwenda Ijumaa mbili. Jumanne iliyofuata, watu walikuwa wanaongea hatua mpya waliyojifunza pale, na wakati wa kupanga wale wa kuonyesha ku sikukuu, jina langu halikuwepo. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Dansi ya watu wawili inahitaji mtu wa pili, na mtu wa pili anachagua yule aliyemzoea. Ku karatasi kozi na sware ni vitu viwili. Ku sakafu ni kitu kimoja.

Na wengine watasema: lakini unapata relasyo. Hilo pia niliandika, ku ukurasa wa mapato, juu hesabu bila mapato si hesabu. Mu miezi mitano nilipata bwana mmoja mwenye kuku mia nne aliyeniomba nimpangie chakula chao. Nilimpangia. Kuku wanataga vizuri. Bado hajanilipa, lakini ananiita "mon cher" kila akiniona.

Kama unataka kuingia, ingia. Ila ukifika, kabla ya kuandika jina, uliza maswali haya mbele ya watu wengine: sware ni ngapi ku mwezi, nisipokuja nitapoteza nini, sakafu ya mafunzo ni ya nini, na mwanamke anayekaa mbali anarudi nyumbani na nani. Mwalimu mzuri atajibu. Wetu, kwa heshima yake, alisema atafikiria ile ya Jumamosi, na tumeshajaribu mara moja, ku paseli ya mmoja wetu kule Bel-Air. Tulikuwa tisa. Spika ilikuwa ya kidogo, ya simu. Muuguzi alikuja na mtoto wake, akiwa na vile viatu vya misa, akacheza masaa mawili na hakuna mtu alifungua mdomo.

Mimi bado niko na kitu kimoja cha kumaliza. Mu mwezi wa sita, kwa sababu ya mwalimu mgeni na sware mbili, sikutoa zamu yangu ku likelemba ya mtaa wetu, dola 50. Mama anayeweka falanga, anayeuza nyanya ku soko ya Kenya, alinilipia kwa mtaji wake ili aliyekuwa na zamu asikose. Hakunisema mbele ya watu. Wiki ile meza yake ilikuwa na nyanya nusu. Nimeshamrudishia 30. Ijumaa hii kuko sware, nimepata ujumbe mara mbili. Likelemba ni Jumamosi saa 8 asubuhi, na zimebaki 20.